Pumzi ya Ndege Aliyeumia

Ndege akianguka bustanini, hatukosi huruma. Chozi amejigonga kwenye dirisha la kioo, mnana kaponyoka kinywani mwa paka, njiwa anaburuta bawa chini ya mwembe. Mara watoto wamekwisha mzunguka. Mmoja amemkumbatia kifuani asitoroke, mwingine amekwenda kuchota maji ya kumnywesha, na mama anasogeza kikapu karibu na jiko ili mgonjwa apate joto. Yote matatu hufanywa kwa moyo mwema, na yote matatu yanaweza kumuua ndege ambaye angepona. Sababu ni moja, nayo imethibitishwa na sayansi kwa muda mrefu: ndege hapumui tunavyopumua sisi.

Binadamu, ng'ombe, mbuzi, hata popo, tunavuta hewa kwa msaada wa diaframu, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukishuka, mapafu yanatanuka na hewa inaingia. Ukipanda, hewa inatoka kwa njia ile ile iliyoingilia. Ndege hana msuli wa namna hiyo. Mapafu yake ni madogo na magumu kiasi, yamejibana mgongoni katikati ya mbavu, wala hayatanuki na kunywea kama yetu. Kinachosukuma hewa si mapafu bali ni vifuko vya hewa, vyembamba mno, kwa kawaida kati ya 7 na 9, vilivyotandaa kuanzia shingoni hadi tumboni, na vingine vikapenya mpaka ndani ya mifupa. Vifuko hivyo ni mvukuto wa mhunzi: vyenyewe havichukui oksijeni kwa kiasi cha maana, kazi yake ni kupeleka upepo panapohitajika. Na kinachoufungua na kuufunga mvukuto huo ni mfupa wa kidari, unaoshuka na kupanda pamoja na mbavu kila ndege anapovuta pumzi.

Hapo ndipo hatari ya kumkumbatia inapoonekana. Ukimbana ndege kidari, hata kama pua na mdomo viko wazi kabisa, umemnyima hewa. Mtoto anayemshika kwa nguvu asidondoke hajui kwamba anamkaba, kwa sababu mkono wake hauko shingoni.

Njia inayopitiwa na hewa hiyo nayo ni ya ajabu. Hewa aliyoivuta ndege haitoki kwa pumzi hiyo hiyo. Ndege huhitaji kuvuta mara mbili na kutoa mara mbili. Mvuto wa kwanza hupeleka sehemu kubwa ya hewa kwenye vifuko vya nyuma. Ndege akitoa pumzi, hewa hiyo hupita ndani ya mapafu. Mvuto wa pili huipeleka kwenye vifuko vya mbele, na anapotoa pumzi tena ndipo inapotoka nje. Kwa hiyo mapafu hupitiwa na hewa safi wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa, ikienda upande mmoja tu daima. Kwetu sisi hewa mpya huchanganyika na iliyokwisha tumika. Kwa ndege mchanganyiko huo ni mdogo sana.

Elimu hii ilipatikana polepole, kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1774 mpasuaji mmoja wa London alichapisha maelezo ya jaribio lililowashangaza wengi: aliziba bomba la hewa la ndege, akafungua mfupa wa juu wa bawa, na ndege akaendelea kupumua kupitia mfupa huo. Jaribio hilo linaumiza kulisoma, na leo kamati za maadili zisingeliruhusu kirahisi. Lakini ndilo lililoonyesha wazi kwamba baadhi ya mifupa ya ndege ni sehemu ya njia ya pumzi. Karibu miaka 200 baadaye, katika miaka ya 1960, shomoro na panya waliwekwa katika chumba kilichopunguzwa hewa mpaka kufanana na kimo cha mita 6,100, juu kupita kilele cha Kilimanjaro. Panya walishindwa hata kutambaa vizuri. Shomoro waliweza bado kuruka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliweka vipimo vidogo vya mkondo wa hewa ndani ya mapafu ya mabata, wakathibitisha kuwa hewa huenda upande mmoja. Baadaye, hadubini za elektroni zilionyesha jinsi ukuta unaotenganisha hewa na damu ndani ya pafu la ndege ulivyo mwembamba kuliko wetu, na sehemu ya maana ya kazi hiyo ilifanyika Nairobi, kwa mikono ya wanasayansi wa hapa hapa.

Bara letu lina ushahidi mwingine pia. Mwaka 1973 ndege aina ya tumbusi wa Rüppell, ambaye jamaa zake huzunguka angani Serengeti kutafuta mizoga, aligongana na eropleni juu ya Abidjan kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Mtu akipandishwa huko bila mtungi wa oksijeni hupoteza fahamu upesi. Na mifupa ya mjusi mkubwa wa kale iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, ambayo leo imesimamishwa Berlin ikiwa na kimo cha mita 13, ina mashimo na vyumba ndani ya pingili za uti wa mgongo. Wataalamu wengi wanaamini vilikuwa makao ya vifuko vya hewa vinavyofanana na vya ndege. Basi huyu chozi mdogo wa bustanini amerithi namna ya kupumua yenye historia ndefu kuliko milima yetu mingi.

Turudi kwake pale alipoanguka. Kwanza tazama kabla ya kugusa. Kama ni kinda mwenye manyoya kamili, mkia mfupi, anayerukaruka chini kwa miguu na kupiga kelele, huenda hajaumia kabisa. Makinda wa aina nyingi hutoka kwenye kiota siku kadhaa kabla ya kujua kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwalisha wakiwa chini. Msaada wake ni kumfungia paka ndani na kuwaondoa watoto. Akiwa barabarani, msogeze hadi kichaka cha jirani. Kinda asiye na manyoya arudishwe kiotani, kama kiota kinafikika. Wengi wetu tulikanywa utotoni tusiguse makinda, eti mama yao atanusa mkono wa mtu awatelekeze. Onyo hilo lilisaidia kuzuia uharibifu wa viota, lakini ndege wa kawaida wa bustanini hawaachi watoto kwa sababu hiyo. Kinachowafukuza ni mtu kusimama pale pale kwa muda mrefu.

Aliyeumia kweli hujulikana: damu, bawa linaloning'inia, kuegemea upande mmoja, au kukaa tu na macho nusu ameyafumba wakati mtu anamkaribia. Huyo mfunike kwa kanga nyepesi au taulo, kichwa kikiwemo, kisha mwinue kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni, bila kukaza vidole kwenye kidari. Utamhisi akipumua, ukiacha kuhisi, legeza. Mwewe na bundi hujilinda kwa makucha, na korongo hudunga kwa mdomo akilenga macho ya mtu, kwa hiyo hao si wa kushikwa na mtoto, na hata mtu mzima avae glavu nene na kuuweka uso mbali.

Nyumba yake iwe boksi la karatasi ngumu, lenye kitambaa chini na matundu madogo ya hewa, lililofunikwa. Giza ni dawa ya kwanza. Ndege hutegemea sana macho; akiona nyuso za watu humchukulia kila mmoja kuwa adui anayetaka kumla, na moyo wake huenda mbio mpaka nguvu za kupona zinaisha. Kumpapasa kichwa ili atulie hakumtulizi. Ndege aliyeganda mkononi bila kutikisika mara nyingi yuko katika kilele cha woga, ingawa sisi tunadhani amezoea. Najua ni vigumu kumwambia mtoto mwenye huruma kwamba wema sasa ni kuondoka, lakini watoto huelewa haraka wakielezwa sababu.

Halafu maji. Binadamu akimeza, kifuniko kidogo huziba njia ya pumzi. Ndege hana kifuniko hicho. Tundu la bomba lake la hewa liko wazi sakafuni mwa mdomo, nyuma tu ya ulimi, na maji yanayomiminwa kwa kijiko au bomba la sindano hupata njia ya kuingia humo. Ndege mwenye nguvu hulifunga tundu hilo kwa misuli anapokunywa mwenyewe. Aliyezimia nusu hawezi kulilinda. Kwa hiyo usimnyweshe. Maziwa hayamfai hata kidogo, kwa kuwa ndege si mnyama wa kunyonya na tumbo lake halina namna ya kuisaga sukari ya maziwa. Mkate na ugali havimwokoi. Kwa saa chache za mwanzo mgonjwa wa aina hii huhitaji utulivu kuliko chakula, na atakayejua alishwe nini ni mtaalamu aliyemtambua ni ndege gani.

Na moshi. Mapafu yanayochukua oksijeni kwa ufanisi mkubwa huchukua sumu kwa ufanisi ule ule. Ndiyo maana wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na ndege wadogo aina ya kanari migodini, desturi iliyodumu hadi 1986: gesi ya kaboni monoksidi ilimwangusha ndege kabla mtu hajahisi chochote. Gesi hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa jikoni kwetu. Boksi lisikae karibu na jiko, wala karibu na ubani, dawa ya mbu ya kuwasha, au kikaango cha kisasa kisichoshika chakula kikiachwa motoni kitupu, kwani mvuke wake kikipata joto kali huua ndege wa ndani ya nyumba. Ni kweli ndege aliyeumia hupoteza joto. Mwili wake huwa kati ya nyuzi 40 na 42 za Selsiasi, juu kuliko wetu. Usiku wa baridi wa Iringa au Limuru, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa, ikiegemezwa upande mmoja wa boksi, inatosha. Mchana wa Tanga au Mombasa hahitaji hata hiyo. Ndege hatoki jasho, na ukimwona anahema mdomo wazi, joto limemzidi.

Bawa lililovunjika karibu na bega lina hatari ambayo lile jaribio la 1774 linatufundisha. Kwa ndege wengi mfupa huo umeungana na vifuko vya hewa. Mfupa ukitokeza nje, usimwagie maji, spiriti wala mafuta. Kitakachoingia kwenye mfupa kinaweza kufika kifuani. Usimfunge vijiti pia. Mfunike tu na umfikishe kwa daktari wa mifugo.

Ndege aliyeng'atwa na paka naye asiachiwe hata kama anaonekana mzima na kidonda ni tundu la sindano. Mate ya paka hubeba bakteria wanaoweza kumuua ndege katika siku chache. Anahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha daktari, wala si unga wa kidonge ulioachwa na mtoto.

Kwa aliyejigonga kwenye kioo matumaini ni makubwa zaidi. Mwache kwenye giza saa moja hadi mbili, kisha toka na boksi uwanjani kungali na mwanga, fungua kifuniko, boksi ukilielekeza kwenye miti, na usimame mbali. Akiruka, kazi imekwisha. Usimrushe hewani kumjaribu. Asiporuka, funika tena na umpeleke kwa mtaalamu. Kichwa kilichotikiswa hakiponi kwa kuamriwa.

Vioo ni suala linalokua kadiri tunavyojenga. Kioo kinachoakisi mti ni mti kwa ndege, na Marekani pekee makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Majengo yetu mapya, kuanzia ghorofa za ofisi hadi nyumba za familia zenye madirisha ya alumini, yanafuata mtindo ule ule. Dawa yake imepimwa na ni rahisi: alama za rangi au stika upande wa nje wa kioo, zikiachana sentimita 5 hivi, kila upande. Stika moja ya mwewe katikati ya dirisha haisaidii, maana ndege hupita pembeni yake. Nyavu za mbu zilizofungwa upande wa nje hufanya kazi nzuri, na hilo ni jambo ambalo nyumba nyingi za pwani tayari zinalo.

Tahadhari zisemwe bila kutisha. Ndege mmoja aliyegonga dirisha ni majeruhi. Ndege kadhaa waliokufa au wanaotetemeka na kupinda shingo mahali pamoja huenda ni ugonjwa au sumu. Hao usiwaguse, mwite afisa mifugo, kwa sababu mafua ya ndege yanaweza kumwambukiza mtu, na mdondo unaweza kumaliza banda zima la kuku. Hata majeruhi wa kawaida asiwekwe karibu na kuku, na mikono ioshwe kwa sabuni. Sheria za wanyamapori, ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013, hazimruhusu mtu kufuga ndege wa porini bila kibali, basi boksi ni la safari tu. Na tukubali kwamba wengi wa wanaookotwa hufa hata wakitunzwa vizuri. Wakati mwingine msaada mkubwa wa daktari ni kumaliza maumivu.

Faida ya elimu hii haiishii kwa ndege wa porini. Kuku ni ndege. Mama anayewapeleka kuku watatu mnadani amewashika miguu, vichwa chini, hajui kwamba matumbo yao, kwa kuwa hakuna diaframu ya kuyazuia, yanalemea vifuko vya hewa na kuwafanya wahangaike kupumua. Wakifungwa hivyo kwenye baiskeli jua kali kwa saa nzima, wengine hufika wamekufa, na lawama huenda kwa ugonjwa. Tenga lenye nafasi lina gharama, lakini kuku aliyekufa njiani gharama yake ni kubwa zaidi. Vivyo hivyo kwa vifaranga wanaopashwa joto kwa mkaa katika chumba kilichofungwa. Tundu la hewa juu ya ukuta na maranda makavu chini huondoa moshi na ile harufu kali ya mkojo na kinyesi inayochoma macho. Ikikuchoma wewe ukisimama, wao walio chini wameumia zamani. Na dawa ya maji ya kuku mgonjwa isimiminwe kooni kwa haraka, kwa sababu tundu la pumzi liko pale pale nyuma ya ulimi.

Mvuvi wa Ziwa Victoria anayemkuta mnandi amenasa kwenye wavu hushawishika kumfunga mdomo asidonoe. Mnandi mzima hana pua zilizo wazi kwa nje. Hupumua kwa mdomo. Ukiufunga kwa uzi umemziba njia yake pekee ya hewa. Mshike kichwa nyuma ya taya, ukiacha mdomo upate upenyo, kata nyuzi badala ya kuzivuta, kisha mwachie majini kama hana jeraha.

Mwanafunzi anayetaka kuyaona haya kwa macho yake asisubiri maabara. Siku kuku anapochinjwa nyumbani, aombe kusimama karibu anapopasuliwa. Kabla matumbo hayajatolewa, atazame utando mwangavu unaong'aa kama maji ubavuni na tumboni. Hivyo ndivyo vifuko vya hewa, ingawa kisu hupasua vingi. Kisha aingize kidole chini ya mbavu, karibu na uti wa mgongo, abandue kile kinofu cha waridi ambacho wapishi wengi hukiacha humo humo kikaliwa na supu. Hilo ndilo pafu. Akiligeuza upande uliogusa mgongo, ataona mifereji iliyonyooka, mmoja kwa kila ubavu, mahali mifupa ilipojikita ndani ya nyama laini.